Goti Lililopita Kwenye Kompyuta

Nani kampa mwalimu wetu wa maabara ruhusa ya kutuchelewesha? Mguu wa bandia nimeuandikia programu ya kujisawazisha, na mama mmoja mwezi wa tatu huu anausubiri. Mwalimu kila siku anaugongesha sakafuni kwa vidole vyake vya grisi, anatega sikio, anaguna.

"Kisigino kikigusa chini, kasi ya goti inaruka ghafla. Programu yako inalijua hilo, bwana mdogo?"

"Kompyuta imeikubali, Mwalimu!"

"Kompyuta haina meno ya kung'oka."

Niliondoka nimefura. Kesho yake asubuhi nikamkuta amekunja goti lake, kalifungia juu ya mguu ule wa bandia, anashuka ngazi. Kwenye kipandio cha tatu kisigino kiligonga, goti la bandia likakunjika, akaporomoka mpaka chini.

"Mama wa watu akija," alisema akishika kiwiko, "mwambie bado."