Mguu Ulioruhusiwa Kuinuka

Kwetu Kolwezi, kosa la kutembea na mpira wa kikapu tunaliita kwa Kifaransa, marshe, na kwa kuwa soko nalo kwa Kifaransa hutamkwa marshe, sikio linasikia soko. Kila filimbi iliponililia, wenzangu walipaza sauti: "Ee, unaenda ku soko tena? Utuletee majani ya sombe!" Nilicheka nao, kisha nyumbani nikashindwa kula.

Mchezo nilijifunza peke yangu, kwa video za simu. Ili filimbi inyamaze, nilichora duara kwa chaki uani, nikaweka mguu wa kushoto ndani, nikazunguka juu yake hadi soli ikatoboka. Huo ndio mguu wa mhimili: ukisimama na mpira mkononi, mguu mwingine uende utakako, huu hauhami. Nikaufanya msumari. Filimbi ikanyamaza, lakini hata nikitaka kufunga sikuuinua, na kila mpira wangu ulizuiwa. Zilibaki wiki mbili kocha wa mtaa wa Musonoi achague timu yake. Sikutaka kitu kingine duniani.

Jumamosi moja alikuja kucheza nasi mama anayeendesha lori la mgodini, bado na suruali ya kazi. Alishika mpira, akakipa kikapu mgongo. Bega huku, bega kule; mabeki wawili walimfuata kila upande, na mguu wake wa kushoto ukabaki palepale. Kisha akapiga hatua kubwa kwa mguu wa kulia, ule wa kushoto ukainuka, mpira ukamtoka, ukaingia.

"Marshe!" nikapiga kelele.

Uwanja mzima ulinigeukia.

"Marshe ya nini, mwana?" akacheka. "Kunyanyua muguu haiko kosa. Kosa ni kuurudisha chini na mupira ingali mu mukono."

"Na nikitaka kuudundisha, mama?"

"Apo mupira itoke kwanza, muguu nyuma."

Niliketi kando ya mstari. Kati ya mguu kuinuka na kutua kulikuwa na nafasi ndogo kama pumzi, na sheria yenyewe ilikuwa imeiacha wazi. Miezi yote nilikuwa nikiogopa kitu kilichoniruhusu.

Siku ya kuchaguliwa, beki alinizidi kichwa kizima. Nilizunguka, nikapiga hatua, nikauinua mguu. Hewani nilingoja filimbi. Haikulia. Mpira ulizunguka ukingo wa chuma, ukatoka nje.

Kocha aliandika daftarini, chini ya Jumatatu, bila kuniangalia.

"Weye, mazoezi lundi saa kumi. Kufunga tutakufundisha."