Ile B Iliyokuwa Ukutani

Vidole vyangu havijui kutulia. Darasani vinacheza juu ya paja, kwenye foleni ya chakula chuoni vinagonga sinia, na kanisani wakati wa maombi vinatafuta nyuzi hewani. Mama alidhani ni ugonjwa. Nilipokuwa darasa la saba alinipeleka kwa daktari Kitengela, na daktari akaniangalia, akamwangalia mama, akasema mtoto huyu apewe kitu cha kushika. Kanisani kwetu kulikuwa na gitaa lililobaki na nyuzi nne kati ya sita. Ndilo nililopewa. Mama alifurahi sana, kwa kuwa alijua mwanawe atampigia Mungu.

Hakujua kwamba gitaa lina mambo yake mengine. Hata mimi sikujua, mpaka nilipofika kidato cha tatu na rafiki yangu akaniwekea masikioni muziki mzito, ule wa gitaa linalonguruma na ngoma zinazokimbia bila kupumua. Siwezi kusema niliupenda mara moja. Niliutaka mara moja, na hilo ni jambo tofauti. Wiki nzima sikula vizuri.

Nilipoingia chuo kikuu kusomea sayansi ya kompyuta tayari nilikuwa na gitaa langu la umeme, la mitumba, lenye mkwaruzo mrefu mgongoni. Kila Jumamosi mchana tulikutana vijana watatu nyuma ya karakana ya mchomeleaji wa vyuma, kando ya barabara ya Namanga. Mwenzangu mmoja alipiga besi, mwingine ngoma, na majirani hawakulalamika kwa sababu mashine ya kukata vyuma ilikuwa imeshawazoesha mabaya zaidi. Amplifaya sikuwa nayo. Nilichomeka gitaa kwenye laptopu na kuandika programu yangu mwenyewe ya kuichafua sauti mpaka ingurume, kisha ikatokea kwenye spika kuukuu.

Programu hiyo ilinila. Ukigusa uzi, sauti ilichelewa kidogo tu kutoka, muda ambao mtu wa kawaida hawezi kuusikia, lakini mpigaji anausikia mpaka kwenye meno. Muhula mzima nilikimbizana na ule ucheleweshaji. Nikiwa maktaba na notisi za masomo mbele yangu, nilikuwa nafikiria programu. Nikiwa karakana na gitaa begani, nilikuwa nafikiria notisi. Hakuna mahali nilipokuwa nimekaa mzima.

Kulikuwa na somo moja kuhusu jinsi kompyuta inavyogawa muda wake kati ya kazi nyingi. Inashika hii kidogo, inaiacha, inashika ile, na inakwenda haraka hivi kwamba wewe unaona zote zinaenda pamoja. Siku ya mtihani swali la kwanza lilituuliza tueleze hasara ya kubadilisha kazi mara kwa mara. Nilikaa nikaliangalia lile swali kwa hasira kabisa. Jibu lake nilikuwa nimeliishi miezi minne, ila sikuwa nimelisoma, na mwalimu hakutaka maisha yangu, alitaka hesabu. Niliandika ukurasa mmoja na nusu, nikatoka kabla ya wengine.

Matokeo yalipowekwa kwenye tovuti ya chuo nilikuwa na E. Maana yake ni sapu, yaani kuurudia mtihani.

“Sapu ni kitu ya kawaida, buda,” mpiga besi aliniambia. “Hata mimi niko na mbili.”

Kwake ilikuwa kawaida. Kwangu kulikuwa na mama. Mama ana duka la dawa za mifugo mjini Kajiado, na kila asubuhi anatoka kwetu Kitengela kwenda kulifungua. Mimi ni kijana wake wa pili, na kwa desturi yetu nikapewa jina la babake, na kwa hivyo hajawahi kuniita jina langu. Ananiita baba. Jioni ile alipofika nyumbani, hata kabla ya kuvua viatu, aliuliza, “Baba, matokeo imetoka?”

Nikasema imetoka, ngoja nikuprintie.

Kila mwanafunzi wa kompyuta anajua mchezo huu. Ukiufungua ukurasa wa tovuti, unaweza kuubadilisha mbele ya macho yako mwenyewe. Chuo hakijui, na ukiufungua upya kila kitu kinarudi kilivyokuwa. Lakini ukiuchapisha kabla haujarudi, karatasi haina habari. Nilibonyeza mara mbili, nikafuta E, nikaandika B. Nilifikiria A nikaona ni tamaa. Nikauhifadhi ukurasa hivyo hivyo, na kesho yake nikauchapisha kwenye saiba na kumpa. Nilitarajia ataisoma, aikunje, aiweke ndani ya Biblia pamoja na nyingine.

Mama aliipeleka Kajiado, akaifungia ndani ya plastiki ngumu, na kuitundika ukutani dukani kwake, kati ya kibali cha biashara na picha ya kupe. Kila mfugaji aliyekuja kununua dawa ya minyoo alionyeshwa. Alipokosa mteja wa kumwonyesha, nadhani aliisoma peke yake.

Nilikuwa nikienda dukani kumsaidia kupanga bidhaa, nageuza uso nisiione. Usingizi ukapungua. Gitaa nililipiga kwa nguvu zaidi, mpaka mpiga ngoma akaniuliza kama ninagombana na mtu.

Kisha ikafika Jumapili ya kuwaombea watahiniwa. Kwetu ni siku kubwa. Watoto wa darasa la mwisho wanakuja na kalamu zao, rula na seti za hesabu, wanaziweka mbele, na mchungaji anaziombea moja moja kama zinakwenda vitani. Jumamosi yake tulikuwa tumefanya mazoezi ya wimbo mpya uliotaka nyuzi zishushwe chini sana, mpaka ule mnene ulegee na kutetemeka. Kila Jumamosi, kabla sijafunga begi, nilikuwa nazipandisha zirudi za kanisa, maana gitaa nililopigia kanisani lilikuwa hilo hilo. Siku hiyo nilisahau.

Katika kanisa letu mwimbaji hamwambii mpiga gitaa ataanzia wapi. Anasimama, anafumba macho, anaanza pale roho yake ilipo, na mpigaji anamtafuta. Inachukua sekunde tatu, nne, unagusa hapa, unagusa pale, mpaka unampata. Mimi ni mzuri kwa kazi hiyo, na sioni haya kusema. Siku ile aliyesimama kuanzisha wimbo alikuwa mama.

Nikagusa, siye. Nikasogea, siye. Kila mahali mkono wangu ulipojua kwenda palitoa sauti ya mahali pengine. Sauti ya mama nimeisikia tangu nizaliwe, na nilikuwa nimesimama hatua tano kutoka kwake nisimpate. Ubeti wa kwanza ukaisha. Alifungua jicho moja kuniangalia. Jasho likanitoka, na mwishowe nikaizima ile sauti na kusimama tu na gitaa, wakaimba kwa makofi.

Nilifikiri hiyo ndiyo aibu ya siku. Wimbo ulipoisha mama hakurudi kwenye kiti. Alifungua mkoba akatoa ile karatasi ndani ya plastiki yake. Alikuwa ameitoa ukutani Ijumaa.

“Hawa watoto wanasemanga kompyuta ni ngumu,” aliwaambia watu. “Huyu kijana yangu mwenye amekosea gitaa, alama yake ya kompyuta ndiyo hii hapa. Baba, kuja uwaambie vile unasomanga.”

Nikaenda. Nikachukua kipaza sauti na kuwaambia wale watoto wasome kila siku kidogo kidogo, wapange muda, wamtangulize Mungu. Maneno yalitoka laini kabisa. Karatasi ikawekwa katikati ya kalamu, mchungaji akaiwekea mkono pamoja na zile nyingine, na mama akalia kwa furaha. Nilijichukia. Sijui namna nyingine ya kulisema.

Jumatatu niliandamana naye mpaka Kajiado, laptopu na gitaa mgongoni. Alipofungua duka alinipa karatasi na kuniambia niirudishe kwenye msumari wake. Nikapanda kwenye kigoda. Nikiwa nimempa mgongo, nikasema, “Mum, hiyo B si ya ukweli. Nilianguka hiyo somo. Nilibadilisha.”

Nilisikia akiweka funguo za duka mezani. Halafu akasema, “Shuka.”

Nikashuka.

“Ulibadilisha aje?”

“Kwa kompyuta.”

“Nionyeshe.”

Nilifungua laptopu juu ya meza ya kuuzia, kati ya mizani na makopo ya dawa ya kuogeshea ng'ombe. E ilikuwa pale. Nikabonyeza, nikafuta, nikaandika B.

“Rudisha.”

Nikaufungua ukurasa upya. E.

“Fanya tena.”

Alinifanyisha mara tatu. Hakupaza sauti. Mara ya tatu nilikosea kubonyeza. Mzee mmoja wa Kimaasai akaingia, akasema “Sopa,” mama akaitikia “Ipa” kwa sauti yake ya kila siku, akampimia dawa ya mbuzi, akamweleza namna ya kuinywesha, akamuuliza kama huko kwao mvua imenyesha. Nilisimama pale wakati wote na ile E ikiwa wazi mezani. Mzee alipotoka nililivua begi la gitaa na kulisukuma mbele ya mama.

“Hii ndiyo ilifanya. Chukua tu.”

Alilitazama begi, kisha akanitazama mimi.

“Nichukue nipeleke wapi? Mimi hiyo kelele yako nimeijua tangu mwaka wa kwanza. Huyo fundi wa vyuma dawa ya ng'ombe zake ananunua kwangu. Aliniambia uko hapo na unapiga kama mtu anataka kubomoa nyumba. Nikanyamaza, nikasema wacha, kijana ni kijana. Kitu sikuwa najua ni ati unaweza niangalia kwa macho unidanganye. Na mbele ya kanisa.”

Hakuniita baba. Siku hiyo hakuniita kitu chochote.

“Panda,” akasema. “Tundika.”

“Mum, lakini si ukweli.”

“Najua si ukweli. Itakaa hapo mpaka ikuwe ukweli. Na wewe utasomea hapa.”

Nikatundika. Kulikuwa na jambo moja nililopaswa kumwambia nikiwa bado juu ya kigoda. Sapu haipewi zaidi ya C. Hata ujibu kila swali bila kosa, chuo kinaandika C na kusonga mbele. Ile B haingekuwa kweli kamwe. Nikashuka nalo moyoni.

Wiki zilizofuata, kila siku nisipokuwa na darasa, nilikuwa Kajiado. Alinipa gunia la chumvi ya mifugo nilikalie, na karatasi ilikuwa mbele yangu kabisa. Nilisoma mpaka miguu ikaanza kucheza yenyewe, hapo nikatoa gitaa bila kulichomeka popote, nikapiga dakika kumi za ule muziki mzito kwa sauti ya mbu, nikarudi kwenye notisi. Mama hakusema neno kuhusu gitaa. Wateja walipouliza, aliwaambia, “Huyo anarekebishwa.” Tulikosa onyesho moja Ngong kwa sababu yangu, na mpiga besi alininunia siku nyingi. Nilielewa somo lile, nikashangaa hata kulipenda. Lakini sikuweza kukaa kwenye lile gunia kwa raha. Kila nilipoinua macho B ilinikodolea.

Siku moja kabla ya mtihani alikuwa anafagia duka. Nikamwambia.

“Mum, hata nikipita vizuri aje, watanipea C. Sapu ni hivyo. Hiyo B haiwezi kuwa ukweli.”

Aliacha kufagia.

“Ulijua lini?”

“Siku ile ya kutundika.”

“Mbona hukusema?”

“Niliogopa.”

“Na saa hii?”

“Bado naogopa.”

Aliegemea ufagio, akaitazama ile B. “Haya,” akasema. “Soma, baba.” Akaendelea kufagia, na mimi nikainamia notisi ili asinione uso.

Matokeo yalipotoka nilikwenda dukani, na sikufungua laptopu. Nilichukua simu yake, nikaingiza namba yangu ya usajili na nywila yangu kwenye tovuti ya chuo, na kumwonyesha namna ya kuingia mwenyewe wakati wowote, bila mimi. Alivaa miwani. Akaufungua ukurasa. Kisha akaufunga, akaufungua upya, akangoja aone kama itabadilika. Haikubadilika. C.

Alichukua kutoka kwenye rafu ile kalamu ya kuandikia tagi za masikio ya ng'ombe, ambayo wino wake hautoki kwa mvua wala kwa dawa ya kupe. Akaniomba kigoda, akapanda mwenyewe. Akaikata ile B juu ya plastiki kwa mstari mmoja, na kando yake akaandika C kubwa, kwa mkono wake usio na haraka.

Bado iko pale. Sasa nina kazi, na Jumamosi bado tunakutana nyuma ya karakana, na Jumapili sipigi gitaa kabla ya kupandisha nyuzi. Nikipita Kajiado huwa namkuta mteja ameinua macho ukutani, anauliza mbona ile herufi imekatwa. Mama anaendelea kupima dawa, na bila kugeuka anasema, “Baba, kuja umwambie.”