Papa Rigobert Alivyorekebisha "Minorités"

Papa Rigobert anachapa thèse, yaani tasnifu, za wanafunzi kwenye kibanda chake mbele ya geti la université, hapa Lubumbashi, na hawezi kuacha neno la mtu kama lilivyo. Lazima alirekebishe. Mara ngapi nimemwambia, "Papa, chapa tu!" Wapi! Anacheka na kuendelea.

Kwenye thèse yangu mimi nachunguza namna wanasiasa wanaopiga kelele "peuple! peuple!", yaani wananchi, wanavyowakanyaga watu wachache, wale minorités, hata kama sheria inawalinda. Profesa alikuwa amenionya: bila mashahidi ishirini kufikia Ijumaa, jina langu linatoka kwenye orodha ya kutetea thèse. Miaka minne ya jasho! Nikampa Papa Rigobert tangazo achape na kubandika: watu wa minorités waje Alhamisi, wasimulie haki zao.

Alhamisi asubuhi nikakuta mbele ya kibanda wazee thelathini na mmoja wa migodini, wamevaa kofia zao za kazi. Nikasoma tangazo ukutani. Papa alikuwa ameandika "mineurs", wachimba madini!

"Papa, umeniua!"

"Minorités ni kintu gani? Nilijua ulikosea, mama Constance."

Nilitaka kulia kwa hasira. Lakini mzee mmoja, Papa Chama, akaketi mbele yangu. "Uliza tu, mutoto yangu. Tulishakuya."

Basi nikauliza, bado nimenuna: kuna aliyewahi kukuambia kwamba hapa si kwenu?

"Ku kila campagne ya uchaguzi! Banasema bale balikuya na train barudie kwabo. Baba yangu njo alikuya na train, kutumika mu migodi. Miye nilizaliwa hapa, niko na miaka makumi saba. Nitarudia wapi? Ku gare?"

Wote wakaangua kicheko, nami nikacheka hadi machozi. Kumbe minorités ni wao! Niliandika mpaka vidole vikauma, na furaha ikanijaa kifuani.

Wa mwisho kuketi alikuwa Papa Rigobert mwenyewe, ameshika miwani mkononi.

"Andika na miye."

"Papa, weye hauko mineur."

"Baba yangu alikuwa. Na ile maneno ya train, balimuambia mpaka siku alikufa. Andika."

Nikaandika polepole, neno kwa neno, jinsi alivyolisema.

Ijumaa profesa alisoma kurasa zote, kisha akaweka kidole kwenye kichwa cha sura.

"Jina lako linabaki. Lakini hapa, 'mineurs', ni kosa la kuchapa?"

"Hapana, Profesa. Hapo Papa Rigobert alishanirekebisha."