Wakimbizi wa Sudan waliokataa maziwa ya unga pale Tororo, na mama mkwe wangu aliyeyapima kwa kibuyu

Wakuu, nipisheni kidogo na mimi nikae.

Mimi ni bibi, nyumbani ni Busia upande wa Uganda. ID hii alinifungulia mjukuu wangu. Siku zote nasoma tu na kucheka peke yangu, ila juzi nimeona uzi watu wanabishana kama misaada ya wazungu imewahi kumsaidia mtu yeyote huku kwetu.

Nikasema hapana, hapa nina langu. Ninayosimulia niliyaona kwa macho yangu. Nilipopasahau nitawaambia nimesahau, sitajaza chumvi.

Mnijue kwanza. Mimi ni Msamia wa Masinya, lakini baba alikuwa mtu wa reli, nimekulia quarters za Nakuru na Eldoret. Ndiyo maana Kiswahili changu kimenyooka kidogo, msije mkasema bibi anaandikiwa.

Nikaolewa na Ochwo, kijana wa Kijopadhola kutoka Sop Sop, naye wa reli, station ya Tororo. Hiyo ni miaka ya sitini. Uhuru bado mbichi, na reli mpya ya kaskazini ilikuwa imeshafika Gulu.

Sasa shida yangu ilikuwa mama mkwe.

Hakunitukana hata siku moja. Alininyamazia tu. Alitaka mwanawe aoe mtu wa kwao, anayejua Kidhopadhola, si binti wa quarters anayeongea Kiswahili kama karani. Akija kututembelea anabeba kibuyu cha maziwa ya mgando, anampa mwanawe, anakaa uani, jioni anaondoka. Mimi nasalimu, yeye anaitikia kwa kichwa.

Nilikuwa na mtoto mchanga mgongoni na moyoni nilikuwa naogopa. Nilijua ipo siku Ochwo atamsikiliza mama yake, nami nitafungashiwa virago nirudi Masinya.

Basi asubuhi moja treni ya kaskazini ikaleta wakimbizi.

Walikuwa wametoka ndani kabisa Sudan ya kusini. Jeshi liliingia kwao, likachoma nyumba na ghala za mtama, wanaume wengi hawakujulikana walipo. Wengi walioshuka pale ni wanawake na watoto. Kambi za kule juu zilikuwa zimejaa, hawa wakaletwa Tororo kungoja watafutiwe mahali. Kanisa likatoa ukumbi wake karibu na station.

Na misaada nayo ikawa inaingia kutoka upande wa pili, mabehewa yanatoka Mombasa yanapitia Malaba. Blanketi, ngano iliyopondwa, magunia ya maziwa ya unga. Na makoti, wakuu. Makoti ya baridi ya Ulaya yenye manyoya shingoni, Tororo, na lile jua linalotoka kwenye ule mwamba ulioinuka juu ya mji. Tulicheka mpaka tukakaa chini. Baadaye tuliyachana manyoya tukashona mito ya watoto, hakikupotea kitu.

Wake wa watu wa reli tukaombwa tusaidie kupika. Aliyesimamia alikuwa nesi mzungu, tulimwita Sista Greta, mrefu, mwenye haraka, mtu wa roho safi.

Ngano walikula. Maziwa ya unga wakakataa kabisa.

Tukikoroga, wanageuza uso. Tukiwaachia kikombe, tunakikuta vile vile na nzi ndani. Na kulikuwa na mama mmoja, Akech, mdogo tu kama mimi, ana mtoto mchanga rika moja na wangu. Njaa ya njiani ilikuwa imemkausha matiti. Wangu analia mpaka jirani wanalalamika, wake hata kulia alikuwa ameacha.

Nilimnyooshea mikono anipe mtoto nimnyonyeshe mimi. Akamkumbatia mwanawe, akageukia ukutani.

Kuuliza kwa nini, hakuna lugha. Mkalimani tuliyempata alikuwa Mzee Farajala, fundi cherehani Mnubi, mtu mpole sana, anajua Kiarabu. Lakini akifungua tu mdomo, watoto wanaingia chini ya mabenchi. Wale askari waliochoma kwao walikuwa wakiamrisha kwa Kiarabu. Mzee wa watu alipoelewa hivyo aliacha kuongea, akawa anakuja tu kuwashonea nguo, kimya, na peremende mfukoni.

Katikati ya hayo, siku moja mama mkwe akaja kututembelea.

Amefika quarters, mlango umefungwa. Ameulizia, ameambiwa mke wa mwanao yuko ukumbi wa kanisa na wakimbizi. Akaja moja kwa moja, kibuyu kichwani, uso umekunjwa. Nikajua leo ndiyo leo.

Akapita karibu na pale alipokuwa amelala Akech. Akech akainua kichwa, akanusa, akasema maneno mawili matatu kwa sauti ndogo.

Mama mkwe akasimama kama aliyeshikwa nguo.

"Hii mutu anasema nini?" akaniuliza. Lilikuwa swali la kwanza kuniuliza tangu niolewe.

Nikamwambia sijui mama, hapa hakuna anayejua.

Akatua kibuyu, akachuchumaa, akamsemesha kwa Kidhopadhola, polepole kama mtu anayejaribu daraja kwa mguu. Akech akajibu. Mama mkwe akaonyesha ndoo ya maji, wote wawili wakasema pi. Akaonyesha moto jikoni, wakasema mach. Akaonyesha dirishani ng'ombe wa padri, na mtoto mmoja akatoka chini ya benchi akatangulia kusema dhiang.

Si kila neno lililingana. Mengine yaligongana vibaya, nadhani moja lilikuwa la aibu kwa upande mmoja, maana wanawake wote walijifunika midomo. Kisha ukumbi mzima ukacheka. Tangu washuke kwenye treni sikuwa nimesikia kicheko pale.

Mnaojua historia mnielewe: Wajopadhola wanasema wazee wao walishuka kutoka Sudan zamani za zamani. Mimi nilidhani ni hadithi za wazee tu.

Ndipo tukajua sababu. Akech alikuwa amenusa kibuyu, kimefukizwa moshi kama vya kwao, akauliza ng'ombe ni wa nani. Na ule unga? Askari walitia kitu kisimani kwao, ng'ombe wakafa wote. Tangu hapo hawanywi wasichojua kimetoka wapi. Maziwa yasiyo na ng'ombe, nani amewahi kuyaona?

Nikadhani mama mkwe atawatoa hofu. Wapi. Aliwaunga mkono. Naye alikuwa hajawahi kuona maziwa ya unga maishani mwake.

Nikaapa kwamba ni maziwa, nikakoroga kikombe nikanywa mbele yao. Hakuna aliyetikisika. Sista Greta naye akanywa. Wakamtazama tu, pengine walidhani wazungu hawadhuriki.

Mama mkwe akafikiri, akachungulia kibuyu chake. Aliyokuja nayo Akech na watoto walikuwa wameshagawiwa kijiko kijiko, yalibaki ya mgando kidogo chini. Akasema, "Kama ni maziwa, itaganda. Kama si maziwa, itakataa."

Akamgeukia Akech akamwambia kwa Kidhopadhola, naye akaitikia. Hiyo ni hukumu aliyoielewa.

Sista akataka maji yachemshwe kwanza. Mama mkwe akauliza huyu anaogopa maji kwa nini, nikamweleza, akakubali. Tukachemsha, tukakoroga, tukaacha yapoe, yakamiminwa kibuyuni, kibuyu kikazibwa.

Wakuu, usiku ule sikulala. Kama yangekataa, magunia yote yale yasingekuwa na maana tena, na yule mtoto asingefika Jumapili. Na mimi ndiye niliyeapa mbele ya mama mkwe kwamba ni maziwa.

Asubuhi kila mtu alikuwa amesimama. Mama mkwe akafungua kizibo, akanusa, akainamisha kibuyu juu ya bakuli.

Yakatoka mazito, meupe, kwa mabonge.

Alionja kwa kidole, akamtazama Akech, akasema kwa Kidhopadhola, kisha akanigeukia mimi kwa Kiswahili ili na mimi nisikose: "Ng'ombe iko. Inakaa tu mbali."

Akech alikunywa bakuli zima. Wanawake wakapiga vigelegele, mmoja akaanza wimbo, wapishi tukaacha vijiko tukaingia. Sista Greta alicheza vibaya kuliko binadamu yeyote niliyemuona, na hakujali. Wapakiaji wa station wakaja kuchungulia wakidhani kuna harusi.

Kwa siku zilizofuata wanawake wa Sop Sop walileta vibuyu vyao, unga wa msaada ukawa unagandishwa kila siku. Matiti ya Akech yakatoa maziwa tena. Mtoto akaanza kulia, na akilia sisi tunafurahi.

Mama mkwe alihamia kwetu kabisa akisema ana kazi ukumbini. Mchana tunapika wote, jioni ananifundisha Kidhopadhola na kucheka matamshi yangu. Ochwo alikuja kuniuliza faraghani nimempa nini mama yake.

Siku walipohamishiwa makazi mapya, afisa mmoja alimuuliza mama mkwe pale platform ana uhusiano gani na watu hawa, maana analia hivyo.

Akamjibu, "Ni watu ya kwetu. Sisi tulitangulia, hawa walichelewa njia."

Sasa wakuu, funzo langu ni hili. Gunia lilitoka ng'ambo, na bila lile gunia tusingekuwa na cha kugandisha, kwa hiyo anayesema misaada ni bure mimi simkubalii. Lakini gunia halina mdomo. Lazima apatikane mtu wa kukaa chini na mgeni, aulize anaogopa nini, na asikilize jibu.

Kama una mzazi aliyekula ile ngano, au kwenu kuna neno mlilolikuta kwa watu wa mbali mkashangaa, lilete hapa tulisome. Na wewe unayetaka kusema bibi anatunga, sema tu, nitakujibu nikishakamua.