Busuti ya Kuazima

Mtu yeyote aliyepita Malaba, pale mpakani mwa Kenya na Uganda, na njaa mwaka wa sabini na nane alikula chapati za Amoit, hata kama hakulijua jina lake. Jina lililojulikana ni la Kariuki, mwenye hoteli, kwa kuwa ndilo lililoandikwa juu ya mlango. Lakini mkono ulikuwa wa Amoit, na madereva waliokaa siku tatu nne wakingoja foleni ya malori isogee ng'ambo waligombania zile za kwanza kutoka jikoni. Nasema haya mapema kwa sababu wako watu ambao wakisikia fulani ameomba msaada, swali lao la kwanza ni mbona hafanyi kazi.

Kazi alikuwa nayo. Alichokosa ni mtu wa kumshikia watoto. Mumewe, Emukule, alikuwa mpakiaji wa malori, mtu wa miraba minne. Kifua kilimlaza mwezi wa Novemba, na kabla ya Krismasi akawa amezikwa. Aliacha watoto watatu: Ochom wa miaka sita, Amuron wa minne, na Nicholas aliyekuwa bado ananyonya. Amoit akawa anakwenda nao kazini. Mdogo alikaa mgongoni, na wale wawili walikaa chini ya meza ya kukandia unga.

Basi Jumatano moja ya mwezi wa Aprili, Amoit alimtua Nicholas chini kidogo tu, apumzishe mgongo, na Nicholas akaamua kwamba leo ndiyo siku ya kutambaa. Alitambaa kwa haraka kama mtu mwenye safari. Kariuki alipomdaka, mkono wa mtoto ulikuwa umebakiza shubiri moja kufika kwenye karai la mafuta yanayochemka. Kariuki alitetemeka kuliko mama mtu.

"Mama Ochom," akasema alipopata pumzi, "mimi napenda kazi yako. Lakini hii mtoto ataungua hapa, na watu nitawaambia nini? Jumatatu kuja peke yako. Ikishindikana, basi itabidi nitafute mtu mwingine."

Hakusema kwa ubaya, na hapo ndipo palipouma, kwa maana mtu mbaya angalau unaweza kumtukana.

Habari za Malaba hazingoji posta. Kesho yake asubuhi shemeji yake, Phanuel, alifika na baiskeli kutoka shambani. "Yoga, mama Ochom," akasalimu kwa Kiteso, akaketi, akakohoa kikohozi cha mtu aliyetumwa na ukoo. Wazee walikuwa wamekaa, akasema. Ochom ataenda kwa shangazi yake aliyeolewa Namboboto, huko Samia. Amuron atakuja kukaa kwake Phanuel. Nicholas atapelekwa kwa nyanya yake Tororo, ng'ambo ya mpaka, ambako siku hizo hata kipande cha sabuni kilikuwa hadithi. "Nitakuja Jumapili kuwachukua," akasema, akiangalia viatu vyake.

Amoit alimwitikia kwa adabu, akamsindikiza hadi barabarani, kisha akarudi ndani akaketi sakafuni. Watoto watatu, nyumba tatu. Aliogopa, na tusiseme vinginevyo. Aliogopa kwamba Nicholas atajifunza kusema "mama" na kumwita mtu mwingine.

Aliyemwinua ni Zainabu, jirani yake mwenye duka la chumvi na mafuta ya taa. "Dada, wewe unalia na serikali iko Amagoro?" Akamweleza kwamba ofisi ya maendeleo huko ina fungu la kusaidia kina mama: mtoto analipiwa shule ya chekechea, na unga na maziwa mtu anapewa. "Lakini usiende hivyo ulivyo. Ofisini mtu hukaribishwa kwa nguo. Ukienda na matambara, utakaa kwenye benchi mpaka jioni."

Hilo liliaminiwa na kila mtu mpakani, kutoka kwa makarani mpaka kwa wapiga debe. Kwa serikali unakwenda umependeza. Basi duka zima likafanya kazi ya kumpamba Amoit. Zainabu alitoa busuti yake ya hariri, vazi la Kiganda la mabega yaliyochongoka na mshipi mpana, alilolivaa Idi tu. Alitoa gauni la lesi la binti yake kwa ajili ya Amuron, na viatu vya mwanawe kwa ajili ya Ochom, vikubwa kidogo, vikajazwa gazeti la kufungia chumvi. Hata mumewe, Jamiru, akaona asibaki nyuma, akavua saa yake ya mkononi. Ilikuwa imesimama tangu mwaka juzi, lakini nani ataisogelea?

Ijumaa Amoit na wanawe wakatembea kwa miguu hadi Amagoro wakiwa na nguo zao za kila siku, mapambo yakiwa kapuni. Karibu na ofisi waliingia nyuma ya ua wa michongoma wakabadilisha. Walipotokea upande wa pili, mzee mmoja aliyekuwa akipita alivua kofia.

Hawakukaa kwenye benchi, Zainabu alisema kweli. Afisa, mwanamke wa makamo aliyeitwa Benedetta, aliwaita mara moja. Akaandika jina. Akauliza, "Unakaa na watoto wangapi?"

"Watatu, madam," akajibu Amoit, na moyoni akahesabu siku zilizobaki kabla ya jibu hilo kuwa uongo.

Benedetta aliitazama hariri. Akaitazama saa. Akaviangalia viatu vya Ochom vilivyong'aa, kisha akaweka kalamu chini.

"Mama, nikuambie ukweli. Hii msaada ni kidogo sana, na ni ya wale hawana kitu. Jana mama alikuja hapa amefunika mtoto na gunia. Wewe naona unajiweza. Nikikupatia wewe, yule nitamwambia nini?"

Amoit alifungua mdomo. Maneno yalikuwepo, lakini kusema "hizi si zangu" mbele ya mgeni ilikuwa ni kama kuvuliwa nguo hadharani. "Asante, madam," akasema, akawatoa watoto nje.

Hapo barazani mvua ikawapokea. Mvua ya Aprili kule huja saa nane mchana kama mtu wa zamu, na siku hiyo ilikuja na hasira. Amoit alisahau msaada, akasahau Jumapili, akakumbuka kitu kimoja tu: hariri ya Zainabu. Cha mtu ni cha mtu. Alivaa gauni lake kuukuu juu, akaishusha busuti kwa chini, akaikunja taratibu, akaitia kapuni na kuifunika kwa nailoni. Ochom alivua viatu bila kuambiwa, akatoa yale magazeti, akayanyoosha kwa kiganja, maana nayo yalikuwa ya dukani. Amuron ndiye aliyeleta vita. Alilishika gauni la lesi kwa mikono miwili akalia.

"Vua, mwanangu," Amoit akambembeleza. "Ni ya wenyewe. Ikilowa tutawaambia nini?"

Dirisha la ofisi lilikuwa wazi. Benedetta alikuwa ameinuka kulifunga, na mkono wake ulibaki pale pale. Aliyasikia hayo, na Amuron alipokubali kuvua, akawaona wanne wakiwa na nguo zao wenyewe: mama mwenye gauni lenye viraka vya rangi tatu, mvulana peku mwenye viatu mikononi, msichana ndani ya shati la marehemu baba yake lililokatwa mikono, na mtoto mchanga amefungwa kwa kipande cha shuka.

Mlango ukafunguliwa. "Mama, rudi ndani." Walipoingia, akauliza, "Mbona hukuniambia?"

"Madam, uliuliza jina, na watoto ni wangapi," akasema Amoit. "Hukuuliza hii nguo ni ya nani."

Benedetta alimkazia macho, halafu akacheka. Alicheka mpaka akashika meza, na Amoit naye akacheka, kisha kicheko kikamgeuka kikawa kilio, na Benedetta akamwacha alie. Wazee walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Siku hiyo walisema kweli, na tuwashukuru.

Fomu ya kwanza ilichanwa, mpya ikajazwa. Kituo cha watoto nyuma ya kanisa pale Malaba kingewapokea wote watatu, hata mdogo, kwa kuwa kulikuwa na mama wa kulea wanaonyonya, na ofisi ingelipa mpaka mwisho wa mwaka. Kila mwezi angepewa pesa kidogo za sabuni na mafuta ya taa. Siku hiyo hiyo alitoka stoo na unga, maziwa ya kopo na blanketi moja zito.

Jumapili Phanuel alifika na kamba mpya kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli. Amoit akampa barua yenye muhuri. Aliisoma mara mbili, akaikunja, akapumua mpaka mabega yakashuka. "Afadhali," akasema. "Mama Ochom, afadhali sana. Mimi mwenyewe nina saba." Akanywa chai vikombe vitatu, akaifungua ile kamba akaifanyia Ochom bembea.

Jumatatu alfajiri, mlangoni pa kituo, mwalimu Rael alikuwa na daftari lake. "Wako ni wangapi, mama?"

"Watatu."

"Wote wanakaa na wewe?"

"Wote wanakaa na mimi," akasema Amoit, kwa sauti kubwa kuliko swali.

Njia nzima hadi hotelini mkono wake uliendelea kwenda mgongoni kumpapasa Nicholas, na kila ulipokuta hayupo alishtuka, kisha akakumbuka. Chapati ya kwanza ya siku hiyo iliungua. Kariuki alikuja kuuliza kuna nini, akamkuta mpishi wake analia huku anacheka mbele ya madereva wote, wala hajifichi.