Jani la Kubeba Mtoto

Harufu ya maji yaliyolala, ikichanganyika na sabuni, hunirudisha mpaka leo kwenye msimu wa komunyo yangu ya kwanza, hapa Likasi. Tulikuwa tunakaa Shituru, kwenye nyumba za wafanyakazi, ambako nguo ilishika vumbi kwenye kamba kabla haijakauka. Gauni langu jeupe halikuwa langu. Mama aliliazima kwa jirani yetu, Mama Kapinga, ambaye binti yake Ngalula angepokea komunyo Jumapili iliyofuata. Sharti lilikuwa moja tu: lirudi jeupe kama lilivyotoka.

Katekista wetu alipenda kutusimulia maajabu ya Mungu. Siku moja alituambia kuna mmea wa majini wenye jani pana kuliko kitanda, na mtoto anaweza kukaa juu yake asizame. Nilisimulia hayo nyumbani tukiwa tunakula bukari. Nadhani katekista alisema pia kwamba mmea huo ni wa nchi za mbali. Sijui kama maneno hayo niliyasahau mimi, au baba hakuyasikia kwa uchovu wa kiwandani. Kwa haki siwezi kumtwika lawama mmoja wetu. Najua tu kwamba aliacha kutafuna.

Siku yenyewe, baada ya misa, familia zilikwenda kupiga picha kwenye bustani ya zamani karibu na reli, penye bwawa la mayungiyungi. Majani yake yalikuwa mapana kama sinia, na kati ya jani na jani maji yalifunikwa na kitu cha kijani, kama unga uliomwagika. Wenzangu walisimama mbele ya maua, wakapigwa picha, basi. Baba alitaka picha ambayo hakuna mwingine angekuwa nayo. Alichutama, akabonyeza jani kwa kiganja, akaridhika.

"Panda, mama," aliniambia; ndivyo alivyoniita akiwa na furaha. "Usiogope. Hii jani inabebaka mutoto."

"Eh, papa, ile haiko mbao!" mpiga picha alisema.

"Weye piga foto tu. Katekista mwenyewe alisema."

Jani halikutoa hata sauti. Lilishuka nami tu, mpaka maji yakanifika kifuani. Baba aliruka na viatu vyake vya misa. Watu walicheka, na sidhani walikuwa na ubaya. Angekuwa mtoto wa mwingine, labda nami ningecheka. Nilipotolewa nilikuwa kijani mikono, shingo, nywele, nimejaa chembe ndogo kuliko chenga za unga. "Mutoto amekuwa sombe!" mtu alisema, akimaanisha ile mboga yetu ya majani ya muhogo. Nilikosa pa kuuweka uso. Nilimtafuta baba kwa macho, naye alikuwa anatazama viatu vyake. Hakuna aliyekumbuka picha tena.

Mama alifua gauni, baba akalifua tena kwa mikono yake. Tope lilitoka. Chembe zilibaki kwenye matundu ya dantele, ile lesi ya kola, na mama alizichokoa kwa sindano. Jumapili nilikaa nyuma ya Ngalula, nikaona moja imebaki kwenye kola, imekauka, kijani bado. Misa nzima niliomba idondoke. Nje, alijipapasa shingo akaishika.

"Weye! Uliniachiaka mayai ya chura mu nguo!"

Mama Kapinga alisema si kitu, akacheka. Baba aliinama kama aliyetukanwa. Tangu hapo hakuturuhusu kuazima kwao hata chumvi.

Siku hizi watoto wanapigwa picha za simu mpaka wanachoka. Mimi sina hata moja ya siku ile. Majuzi binti yangu alinionyesha kwenye simu yake: jani lile lipo kweli, na mtoto amekaa katikati yake, mkavu, kwa gauni jeupe. Chini waliandika habari za chembe za kijani pia, kwamba kila moja ni mmea mzima, hauna hata mzizi, na ua lake ni dogo kuliko yote duniani. Basi katekista hakudanganya, na baba hakuwa mjinga. Bwawa tu ndilo halikuwa lile.

Nilimpelekea baba ile simu, nikidhani nitamwondolea aibu. Aliisogeza hadi puani, maana macho yamechoka.  Kidole chake kilipita jani, kikatua kwenye gauni la yule mtoto.

"Na hii robe," aliniuliza, "iko yake, ao ni ya kuazima?"