Blanketi la Juu

Siku yangu ya kwanza dukani Bwana, mwenye duka, hakuniuliza jina wala shule. Alisema tu, "Onyesha mukono." Nikanyoosha mkono wa kulia. Akaugeuza, akatazama kiganja na vidole kama mtu anayechagua kuku sokoni, kisha akamgeukia Kapitao Mkuu na kumwambia, "Hii mukono itamaliza chumvi yangu."

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimetoka kwenye nyavu, na viganja vyangu vilikuwa vipana kweli. Sikuona vinahusiana vipi na kazi ya kuuza. Kapitao Mkuu, mzee mwembamba wa Mofwe, shemasi wa kanisa, alinifafanulia baada ya Bwana kuondoka. Pwani ya ziwa Mweru mtu akishanunua kitu hungojea mbasela, yaani nyongeza ya bure: konzi ya chumvi, peremende mbili, kipande cha sabuni. Asiyepewa mbasela huona ametukanwa, na kesho yake utamwona anapita mbele ya duka lako akienda kwa jirani. Sasa konzi hupimwa kwa mkono wa muuzaji, wala si wa mnunuzi, ndiyo maana wenye maduka walipenda makapitao wenye viganja vidogo. Mimi nilipewa kifuniko cha kopo la rangi ya viatu. Nilipimia mbasela kwa kifuniko kile miaka yote niliyofanya kazi Nchelenge.

Mtauliza kwa nini walinichukua na mikono yangu hiyo. Walinichukua kwa ajili ya ulimi. Kapitao, kwa nyinyi mnaouza kwa simu, alikuwa mtu anayesimama nyuma ya kaunta badala ya mwenye duka, naye alitakiwa kuzungumza na kila anayeingia. Nyumbani tulisema Kibemba, lakini nilikuwa nimepakia samaki miaka miwili Kasenga, upande wa Kongo, nikarudi na Kiswahili cha kule, kile cha "njo" badala ya "ndiyo". Watu wa ng'ambo walivuka na samaki wakavuka tena na nguo, na walitaka mtu wa kubishana naye vizuri.

Sababu yangu mimi ilikuwa nyingine. Kaka yangu alizama Mweru, na mke wangu, Mama Chanda, aliniambia wazi kwamba yeye hakuolewa ili awe mjane wa ziwa. Aliniambia nitafute kazi ya nchi kavu, na duka lilikuwa nchi kavu.

Kazi yenyewe ilinishangaza kila siku. Nilidhani bei ni bei. Kumbe kila bei dukani ilikuwa na tabia yake, kama watoto wa nyumba moja. Shati halikuuzwa shilingi kumi. Liliuzwa shilingi tisa na peni kumi na moja, na peni kumi na mbili ndizo zilizofanya shilingi. Sufuria, shilingi nne na peni kumi na moja. Peni zetu zilikuwa na tundu katikati, wavuvi walizitunga kwenye uzi wakazivaa kiunoni, na mimi kutwa nzima nilirudisha peni moja moja kwa watu. Nilidhani Bwana anaogopa namba kamili, kama wengine wanavyoogopa bundi. Kapitao Mkuu alicheka mpaka akakohoa. Akasema, "Mutu akikupa shilingi kumi kamili, inaweza kupotea mu mufuko yako. Lakini akingojea peni yake, ni lazima ufungue kisanduku, na Bwana anasikia mulio." Basi zile peni hazikumhusu mteja kabisa, zilikuwa za kunilinda mimi na mifuko yangu.

Chumvi tuliiuza kwa bei ileile tuliyoinunulia. Nilipojua hivyo nilikwenda kwa Kapitao Mkuu mbiombio nikidhani nimegundua kosa. Akaniuliza kama nimewahi kuona mwanamke akija kununua chumvi akatoka na chumvi tu. Nikafikiri. Sikuwa nimemwona. Kiberiti nacho hakikupandishwa bei hata mwaka ambao kila kitu kilipanda, kwa sababu bei ya kiberiti kila mtoto wa Nchelenge aliijua kwa moyo, na duka lililoipandisha lingeitwa la wezi. Kilichopanda ni nguo, ambayo hakuna aliyekumbuka bei yake ya mwaka jana. Nguo tulipima kwa misumari miwili ya shaba iliyopigwa kwenye ukingo wa kaunta, yadi moja kutoka msumari hadi msumari, na dole gumba la kapitao lilikuwa ndani au nje ya kipimo kulingana na mteja alivyokuwa mchangamfu. Bwana hakuwahi kuuliza habari za dole gumba.

Mwisho wa wiki ya pili Kapitao Mkuu alinitegea kitendawili. Alimtegea kila kapitao mpya, kwa idhini ya Bwana.

"Mu hii duka kuko kitu kimoja kinauzisha bintu yote," alisema, "na chenyewe hakiyauzishwa hata siku moja. Ukikijua mbele ya mvua, utaenda kuwa kapitao wa duka ya Kilwa. Usipokijua, urudie nyavu yako."

Kapitao wa Kilwa aliishi nyumba ya mabati na mshahara wake ulikuwa karibu mara mbili ya wangu. Kilwa hii yetu ni kisiwa cha humo Mweru, kweli, lakini unavuka mara moja na bidhaa, kisha unakaa. Mama Chanda alikubali mvuko huo mmoja. Kurudi nyavuni hakukubali.

Basi nikaanza kuwinda. Niliangalia kila kitu cha duka lile kuanzia kizingiti hadi bati. Nilijibu mizani, Kapitao Mkuu akatikisa kichwa. Nilijibu mbasela, akasema mbasela inatolewa, haikai. Nilijibu ulimi wangu, akasema nisijisifu. Nilijibu mbwa wa Bwana aliyelala mlangoni, maana watoto walimpenda na mama zao wakaingia kuwafuata. Siku hiyo alinisifu kidogo, kisha akatikisa kichwa vilevile. Usingizi wangu ukapungua. Nilijikuta kanisani nahesabu madirisha.

Mke wangu alikuja siku moja kununua blanketi, maana wakati wa baridi ya Juni upepo wa ziwa huingia hata kwenye ufa wa tofali. Mablanketi ya kijivu yalikuwa yamepangwa rafuni, shilingi kumi na mbili na peni kumi na moja. Juu ya kaunta, kwenye kulabu ya chuma, lilining'inia moja jekundu lenye mistari myeusi, zito, lenye ukingo wa hariri, na karatasi ya bei imebandikwa kifuani pake: pauni nne, yaani shilingi themanini. Mama Chanda alilitazama lile jekundu, akasoma bei, akacheka. "Ile ni ya kuangalia," akasema, "haiko ya kulalia." Kisha akashika la kijivu, akalipapasa, akasema kumbe hili si ghali. Nikamfungia, nikampa mbasela kwa kifuniko kama mteja yeyote, tukaagana.

Jibu lilikuwa limesimama mbele yangu, tena kwa mdomo wa mke wangu, nami nikaendelea kuhesabu misumari.

Mwezi wa Septemba, asubuhi, mtu mmoja aliingia kutoka Kilwa. Alikuwa mvuvi wa makamo, mwenye ndevu chache, suruali imelowa hadi magotini. Nilimsalimu, akaitika kwa sauti ndogo. Nikaanza kumwonyesha uzi wa nyavu, kwa kuwa ndio msimu, na kweli mkononi alikuwa na pesa zilizofungwa kwenye kitambaa kwa fundo la wavuvi. Hakuutazama uzi. Aliinua kidole.

"Ile ya juu."

Nikamwambia ni pauni nne.

"Sikuuliza bei, Ba Kapitao. Mama alikufa. Ulete."

Kwetu maiti huzikwa ndani ya blanketi, na kitu cha maziko hakibishaniwi bei. Anayebishania sanda ya mama yake, watu husema amempima mama yake. Wala hakuna mbasela kwenye kitu cha maziko. Mnunuzi hanyooshi mkono, na muuzaji hagusi mfuko wa chumvi. Hayo niliyajua tangu utotoni. Lakini siku ile sikuyafikiria hata kidogo. Nilipanda kigoda, nikalishusha blanketi, nikapangusa vumbi, nikapokea pauni nne kamili zisizodai peni ya kurudisha. Nilijiona nimekwisha kufika Kilwa. Nimeuza kisichowahi kuuzwa! Nilikwenda nyuma ya duka nikiruka, nikamwambia Kapitao Mkuu kwamba kitendawili nimekitegua.

Alikuja mbele, akaitazama ile kulabu tupu.

"We uliuzisha mulango ya duka," akasema. "Miaka saba ile blanketi inakaa pale. Mutu akiona ya pauni ine, ya shilingi kumi na mbili inakuwa bei ya ndugu. Njo kazi yake. Haikukuja kwa kuuzishwa."

Niliyakumbuka maneno ya mke wangu yote, na mkono wake kwenye lile la kijivu. Nikauliza, kama halikuwa la kuuzwa, kwa nini hawakumwambia mtu.

"Nani angenunua?" akajibu. "Tulipanga bei ya kukataliwa. Hatukuwaza mutu mwenye hawezi kukataa."

Bwana hakukasirika. Aliniita ofisini, akanitazama mikono tena, akacheka, akasema kapitao aliyefanya kosa hilo mara moja hawezi kulisahau, na kwamba nitakwenda Kilwa kabla ya mvua. Pamoja na bidhaa akanipa blanketi jekundu jingine, na karatasi ya pauni nne imeshabandikwa. Ndivyo nilivyopata cheo. Sikukifurahia kama nilivyotarajia.

Kilwa ni padogo. Wiki haikuisha nikamwona yule mvuvi. Alikuwa anavuta kasia kwenye mtumbwi wa mtu mwingine. Pesa za kitambaa zilikuwa za uzi, kama nilivyodhani, na nyavu zake zilikuwa zimetundikwa nyumbani na matundu yake. Nilimwendea nikiwa na maneno ya kuomba radhi. Hakunipa nafasi. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akawaita wenzake, akawaambia, "Njo huyu. Huyu alinipatia blanketi, mama akalala kama mukubwa." Alinitambulisha kwa watu kama ndugu. Nilirudi dukani nikakaa nyuma ya magunia, na nasema bila haya, nililia.

Blanketi la pili nililitundika, maana ndiyo amri. Ila nilijiwekea sheria yangu, ambayo Bwana hakuijua. Kisiwani kifo hakifichiki. Kilio husikika kutoka ncha hadi ncha. Kilio kikianza tu, nilipanda kigoda nikalishusha lile jekundu, nikalikunja chini ya kaunta, na mfiwa aliyeingia alikuta ya kijivu tu. Msiba ukiisha, nililirudisha. Nilifanya hivyo miaka mitatu. Kwanza niligundua kwamba siku ambazo kulabu ilikuwa tupu, watu wengine walilalamika ya kijivu ni ghali, bei ileile, watu walewale. Kapitao Mkuu alikuwa amesema kweli. Pili, watu wa mitumbwi waliokuwa wakitua kununua kiberiti walizoea kuchungulia mlangoni kwanza, na wakikuta kulabu haina kitu, walivua kofia na kuuliza ni nani.

Baadaye nilihamishiwa Mofwe, kisha nikarudishwa Nchelenge nikiwa Kapitao Mkuu mimi mwenyewe, na nikawatazama vijana wengi viganja vyao. Kitendawili niliwategea, na jibu likishajulikana niliongeza neno: yeyote atakayekuja na msiba, walishushe la juu walifiche kabla hajaingia. Wengine walifuata, wengine waliona mzee anaweweseka. Nilistaafu nikiwa na kifuniko changu cha kopo mfukoni.

Siku hizi mimi hupita madukani, hata yale mapya karibu na kituo cha mabasi ya Mansa, na huona kila moja lina blanketi lake la juu. Linaweza kuwa televisheni au kochi, ila hakuna anayetarajia kuliuza. Huwaonyesha wajukuu: tazameni lile, halafu tazameni linalofuata, ndilo wanalotaka mnunue. Wamenichoka. Nilijiona mtu asiyeweza kudanganywa na bei.

Mwaka juzi Mama Chanda alifariki. Asubuhi ile jamaa walitaka kuwatuma vijana wakanunue blanketi, nikakataa, nikaenda dukani mwenyewe na fimbo yangu. Binti wa kaunta alinisalimu vizuri, akaniwekea mbele mablanketi matatu mazuri ya bei ya kati. Nilijua kabisa kwa nini aliyaweka yale matatu. Niliyajua yote. Nilijua pia kwamba Mama Chanda mwenyewe angenigombeza, angesema ile ni ya kuangalia.

Niliinua kidole nikamwonyesha lile la juu. Alianza kunitajia bei, nikamwambia, sikuuliza bei, mwanangu, lete.